Kulitambua Wingu la Dhoruba Likiwa Bado Changa: Namna ya Kusoma Picha za Setilaiti Kando ya Ziwa Victoria

Mvuvi wa dagaa anayetoka mwaloni jioni, katika siku za giza la mwezi, huyatazama mawingu yaliyo mbele yake na kuyapima kwa uzoefu wa miaka mingi, na mara nyingi hupima sawasawa. Tatizo ni kwamba dhoruba itakayomkuta saa tisa usiku, akiwa mbali magharibi ya Ukerewe, kwa kawaida haijazaliwa wakati anapowasha injini. Hakuna jicho, hata liwe zoefu kiasi gani, linaloweza kuona wingu ambalo halipo. Kinachoweza kuonekana mapema ni mazingira yanayolizaa wingu hilo, na baadaye ni dakika zake za kwanza za kukua, na vyote viwili huonekana vizuri zaidi kutoka juu.

Mwongozo huu unamhusu mtu mwenye simu ya kawaida na kifurushi kidogo cha intaneti ambaye anataka kuzitazama picha za setilaiti mpaka aweze kutofautisha wingu linalokua na wingu linalokufa. Ninauandika nikiwa Mwanza, kwa hiyo mifano mingi ni ya ziwa letu. Sehemu moja inahusu vimbunga vya Bahari ya Hindi, ambavyo havifiki huku lakini hutugusa kwa njia ambayo wengi hawaitarajii.

Picha zinatoka wapi, na saa zake zinasomwaje

Picha nyingi tunazozitumia katika sehemu hii ya dunia hutoka kwenye setilaiti za Meteosat, zinazoendeshwa na EUMETSAT, ambalo ni shirika la nchi za Ulaya la setilaiti za hali ya hewa. Setilaiti hizi hukaa juu ya mstari wa ikweta, takriban kilomita 36,000 kutoka usawa wa bahari, zikizunguka sambamba na mzunguko wa dunia, na kwa sababu hiyo huliangalia eneo lilelile usiku na mchana. Zinazotuhusu ni mbili. Moja iko kwenye longitudo sifuri, juu ya Ghuba ya Guinea. Ya pili, Meteosat-9, imekuwa juu ya Bahari ya Hindi kwenye longitudo 45.5 mashariki tangu 2022, na hutoa picha mpya kila baada ya dakika 15. Kwenye longitudo sifuri kazi kuu ilichukuliwa na Meteosat-12 mwishoni mwa 2024, na hiyo hutoa picha kila baada ya dakika 10 na pia ina kifaa kinachohesabu mimweko ya radi.

Picha zote mbili zinapatikana bila malipo, kwa mfano kupitia EUMETView au Zoom Earth, na gharama pekee ni intaneti. Ninashauri msomaji achague chanzo kimoja na adumu nacho kwa angalau msimu mmoja wa mvua, kwa kuwa kila tovuti hutumia rangi zake, na jicho lililozoea kuona nyekundu kuwa ndiyo baridi kali hudanganyika likihamia mahali ambapo nyekundu ina maana nyingine.

Kuna jambo dogo la kijiometri ambalo wengi hulipuuza, na kwa mtu wa ziwani lina uzito. Setilaiti hailitazami wingu letu kutoka juu ya utosi, bali kwa mshazari, na wingu refu likitazamwa kwa mshazari huonekana limesogea upande ulio mbali na setilaiti. Kwa wingu lenye kilele cha kilomita 15, picha ya setilaiti ya longitudo sifuri hulisogeza upande wa mashariki kwa karibu kilomita 12, ilhali ile ya Bahari ya Hindi hulisogeza upande wa magharibi kwa takriban kilomita 4 tu. Kilomita 12 zinatosha kulitoa wingu juu ya maji ya Ghuba ya Mwanza na kulionyesha kana kwamba liko nchi kavu. Ukiwa na uchaguzi, basi, tumia ile ya Bahari ya Hindi kwa kupima mahali, na ile ya longitudo sifuri kwa sababu ya picha zake za haraka zaidi.

Saa iliyoandikwa kwenye picha ni ya UTC, yaani saa ya pamoja ya kimataifa, ambayo iko nyuma ya saa za Afrika Mashariki kwa saa tatu. Kwa mtu anayehesabu saa kwa Kiswahili kuna njia fupi: toa tatu kwenye saa ya UTC, na ikizidi kumi na mbili, toa kumi na mbili tena; ikiwa sifuri au chini ya sifuri, ongeza kumi na mbili. Picha ya 12:00 UTC ni ya saa tisa alasiri. Ya 18:00 UTC ni ya saa tatu usiku. Ya 00:00 UTC ni ya saa tisa usiku, na ya 03:00 UTC ni ya saa kumi na mbili asubuhi. Nimeona watu wenye akili timamu wakibishana juu ya mvua ambayo ilikuwa imenyesha saa tatu kabla ya mabishano yao, kwa sababu tu hakuna aliyeangalia saa iliyo kwenye kona ya picha.

Aina za picha

Picha ya mwanga wa kawaida huonyesha kile ambacho jicho lingeona: mawingu ni meupe, ziwa ni jeusi, nchi kavu iko katikati. Hufaa kuanzia kama saa moja na nusu asubuhi hadi karibu saa kumi na mbili jioni. Faida yake kubwa ni umbile. Jua likiwa chini, asubuhi au jioni, mawingu marefu hutupa vivuli juu ya yale mafupi, na ukiona wingu lenye uso wa vinundu kama koliflawa, lenye kivuli kirefu upande mmoja, umeona wingu linalosukumwa kutoka chini kwa nguvu.

Picha ya infraredi hupima joto linalotolewa na sehemu ya juu ya wingu, kwa hiyo hufanya kazi hata gizani, na kwa ziwa letu, ambalo dhoruba zake nyingi ni za usiku, hiyo ndiyo picha ya kutegemea. Kanuni yake ni rahisi: kadiri unavyopanda juu angani ndivyo hewa inavyopoa, hivyo wingu lenye juu baridi ni wingu refu. Ziwa lenyewe litaonekana lenye joto la nyuzi ishirini na kitu. Mawingu mafupi yatakuwa juu kidogo ya sifuri au karibu nayo. Wingu la radi lililokomaa katika ukanda wetu hufikia nyuzi 60 hadi 80 chini ya sifuri, kwa kuwa katika tropiki mawingu yanaweza kupanda hadi kilomita 16 au zaidi kabla ya kugonga dari la angahewa ya chini.

Picha ya mvuke wa maji huonyesha unyevu wa tabaka za kati na za juu. Kwa dhoruba za ziwa mimi huitumia mara chache. Umuhimu wake utaonekana tutakapofika baharini. Zipo pia picha za rangi zilizochanganywa kutoka vipimo kadhaa, na katika hizo ninaipenda ile ya mchana inayoitwa picha ya rangi za asili, ambamo mawingu ya barafu huonekana ya kibuluu na yale ya matone ya maji huonekana meupe. Wingu jeupe linaloanza kugeuka buluu kwenye kilele limeanza kutengeneza barafu, na wingu lililoanza kutengeneza barafu haliko mbali na radi.

Wingu lililo hai na wingu lililokufa

Kosa la kwanza la kila anayeanza ni kuogopa weupe. Nililifanya mimi mwenyewe, tena kwa kishindo. Jioni moja ya masika niliona shuka kubwa jeupe limefunika Ghuba ya Speke yote, nikampigia simu baba mdogo, ambaye huvua dagaa, nikamsihi asitoke usiku ule. Alinisikiliza kwa heshima, kisha akaniambia kwamba alipo anaona nyota. Akatoka, akarudi asubuhi na mtumbwi uliojaa, na kwa wiki kadhaa kila tukikutana aliniuliza: “Mwanangu, lile wingu lako limeshafika?”

Nilichokuwa nimekiona ni masalia. Wingu la radi linapokomaa, juu yake hutanuka kama fuawe ya mhunzi, na dhoruba yenyewe ikishaisha nguvu, fuawe hilo la barafu hubaki likielea kwa saa nyingi na kusukumwa na upepo wa juu mamia ya kilomita kutoka mahali lilipozaliwa. Kwenye picha ya infraredi hubaki baridi, na kwa hiyo hubaki jeupe, ingawa chini yake hakuna kitu. Tangu siku ile nimejizoeza kutouliza wingu lina weupe kiasi gani kabla sijauliza kingo zake zikoje. Wingu lililo hai lina ukingo mkali, kana kwamba limekatwa kwa mkasi, angalau upande ule upepo wa juu unakotokea. Upande wa pili ndiko barafu inakopeperukia na ukingo wake hulegea. Wingu lililokufa limelegea pande zote, lina nyuzinyuzi kama pamba iliyochambuliwa, na ukitazama kwa makini mara nyingi unaona ziwa au mawingu mafupi kupitia ndani yake.

Swali la pili ni mwendo wa joto lake, na hili haliwezi kujibiwa na picha moja. Hapa ndipo ninapotofautiana na wale wanaosambaza picha moja ya setilaiti kwenye makundi ya simu na kuandika “hali ni mbaya”. Picha moja ni kama kumwona mtu mmoja amesimama mlangoni: hujui kama anaingia au anatoka. Chukua picha nne au tano zilizofuatana, yaani saa moja hivi ya kumbukumbu, na ufuatilie kilele kimoja tu. Kilele kinachopoa kwa nyuzi 8 au zaidi ndani ya dakika 15 ni cha wingu linalopanda kwa nguvu; kinachopoa kwa nyuzi 4 kinakua kwa utaratibu na kinastahili kufuatiliwa. Kisichobadilika kimekomaa au kimechoka, na kinachopata joto huku eneo lake likitanuka kinakufa, hata kama kwa macho kinaonekana kikubwa kuliko mwanzo. Wingu linalokufa hupanuka. Jambo hilo peke yake limewapoteza wengi.

Ndiyo maana wingu la kuogopwa, kwenye picha, mara nyingi ni dogo. Kila nukta ya picha za infraredi za Meteosat-9 inawakilisha eneo la kilomita 3 kwa 3 chini ya setilaiti, na kubwa kidogo zaidi kwetu. Wingu changa la radi linaweza kuwa nukta nne au tano tu, zenye rangi moja, zikiwa zimesimama peke yake juu ya maji. Mpe mtu asiyejua picha hiyo atatazama lile shuka kubwa la pembeni. Wewe tazama zile nukta, kisha subiri picha inayofuata.

Kuna alama nyingine tatu ambazo huja na mazoezi. Ya kwanza ni kilele kinachotoboa: katikati ya fuawe lililo laini huonekana doa dogo lililo baridi zaidi kuliko mazingira yake, na kwenye picha ya mwanga wa kawaida doa hilo huonekana kama kinundu kinachotupa kivuli. Maana yake ni kwamba hewa inapanda kwa kasi kiasi cha kupita dari iliyopaswa kuisimamisha, na chini yake ndiko kuna mvua nzito, radi na uwezekano wa mvua ya mawe. Ya pili ni vilele jirani vinavyoungana; visiwa vitatu vya mawingu vikiwa kimoja ndani ya saa moja, nguvu yake haiwi tena jumla ya vile vitatu, huwa zaidi.

Ya tatu inaonekana mchana tu, na ndiyo ninayoipenda kuliko zote. Mvua nzito inapoanguka huvuta hewa baridi kutoka juu, hewa hiyo ikifika chini husambaa pande zote kama maji yaliyomwagwa sakafuni, na ukingo wake wa mbele hunyanyua hewa yenye joto na kuunda mstari mwembamba wa vijiwingu vyenye umbo la upinde. Upinde huo ni upepo. Ni ule upepo wa ghafla na wa baridi ambao kila mtu wa ziwani anaujua, unaofika dakika kumi au ishirini kabla ya tone la kwanza na kuyapindua mawimbi. Ukiuona upinde ukikimbia kutoka kwenye dhoruba kuelekea mahali ambapo bado kuna jua, watu walio kwenye mitumbwi mahali pale wana muda mfupi sana. Na pinde mbili zinapokutana, tazama makutano yao, kwa kuwa mara nyingi wingu jipya huzaliwa hapohapo.

Saa ya ziwa

Ziwa Victoria lina eneo la karibu kilomita za mraba 68,800 na liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari. Ni pana vya kutosha kujitengenezea upepo wake. Mchana nchi kavu hupata joto haraka kuliko maji, hewa ya nchi kavu hupanda, na hewa ya ziwani huvuma kwenda nje kujaza nafasi. Kwa hiyo alasiri utaona kwenye picha jambo la kupendeza sana: shimo jeusi lisilo na mawingu lenye umbo la ziwa, limezungukwa na pete ya mawingu yanayochemka nchi kavu. Upande wa mashariki, ambako nyanda za juu za Kenya huinua hewa hiyo zaidi, dhoruba za alasiri huwa kali na eneo la Kericho linajulikana kwa mvua ya mawe.

Usiku mambo hugeuka. Nchi kavu hupoa, maji hubaki na joto lake la nyuzi 24 hadi 26, na sasa hewa baridi huteremka kutoka pande zote na kukutana katikati ya ziwa. Inapokutana haina pa kwenda isipokuwa juu. Dhoruba huanza kuonekana juu ya maji karibu na usiku wa manane au baadaye, hukua kuelekea alfajiri, na huweza kudumu hadi saa tatu asubuhi. Kwa kuwa upepo wa jumla katika ukanda huu huvuma zaidi kutoka mashariki, mkusanyiko huo husukumwa upande wa magharibi, na hiyo ni sababu mojawapo kubwa ya Bukoba na visiwa vya Ssese kupata mvua nyingi kuliko Mwanza na Musoma. Ajali ya ndege ya Bukoba ya tarehe 6 Novemba 2022, iliyoua watu 19, ilitokea asubuhi, katika msimu wa vuli, siku ambayo hali ya hewa ilikuwa mbaya upande huo. Siitaji ili kueleza chanzo cha ajali, bali kuonyesha kwamba asubuhi kwenye ufukwe wa magharibi ni saa ya kutazamwa kwa makini, ilhali mtu wa bara angedhani asubuhi ni wakati salama.

Utaratibu ninaoufuata mimi katika miezi ya masika, Machi hadi Mei, na ya vuli, Oktoba hadi Desemba, unafuata saa hiyo. Saa tisa alasiri ninatazama nchi kavu ya mashariki na kusini-mashariki, Mara, Simiyu na ng'ambo ya mpaka: je, kuna dhoruba kubwa? Alasiri yenye dhoruba nyingi nchi kavu, hasa mashariki, mara nyingi hufuatiwa na usiku mzito ziwani, kwa kuwa hewa baridi na unyevu unaobaki huongeza nguvu ya makutano ya usiku. Saa tatu usiku ninatazama kama mabaki ya dhoruba hizo yanatambaa kuelekea majini. Kuanzia saa tano ninatafuta zile nukta chache. Ikiwa saa tano ziwa ni safi kabisa na alasiri ilikuwa kavu, ninalala. Ikiwa nimeona vilele viwili vinavyopoa magharibi ya Ukerewe, ninapiga simu, na siku hizi baba mdogo haulizi kuhusu nyota.

Juni hadi Agosti kuna machache ya kutazama. Angalia tu moshi wa uchomaji wa mashamba, ambao kwenye picha ya mwanga wa kawaida huonekana kama ukungu wa kijivu usio na kingo, na mng'ao wa jua juu ya maji, ambao unaweza kuligeuza ziwa likaonekana jeupe kwa muda na kumfanya mgeni adhani kuna mawingu.

Baharini: wingu linaloanza kujizungusha

Kimbunga hakiwezi kufika Mwanza kikiwa kimbunga. Tuko nyuzi mbili na nusu tu kusini mwa ikweta, na ile nguvu itokanayo na mzunguko wa dunia, inayoifanya hewa ipinde badala ya kuingia moja kwa moja kwenye kitovu cha mgandamizo mdogo, karibu na ikweta ni dhaifu mno. Kwa kawaida vimbunga havizaliwi ndani ya nyuzi 5 za latitudo. Hata hivyo kujifunza kuvitambua ni zoezi bora la jicho, na tutaona kwamba kuna faida zaidi ya zoezi.

Bahari ya kusini-magharibi ya Hindi huwa na makundi mengi ya mawingu ya radi kati ya Novemba na Aprili, na mengi kati yake hufa bila jina. Ili kundi liwe kimbunga linahitaji maji yenye joto la nyuzi 26.5 au zaidi, unyevu wa kutosha katika tabaka za kati, na upepo wa juu usiotofautiana sana na wa chini. Alama ya kwanza kwenye picha ni uvumilivu. Mawingu ya baharini nayo yana saa yake: hukolea kuelekea alfajiri na kulegea jioni. Ukilinganisha picha ya alfajiri na ya jioni utadhani mfumo unakufa, na ukilinganisha ya jioni na ya alfajiri inayofuata utadhani umelipuka, kumbe hakuna kilichobadilika. Linganisha saa ileile ya leo na ya jana. Kundi linaloishi zaidi ya saa 24 mahali palepale, na alfajiri ya pili likiwa limejikusanya kuliko ya kwanza, linastahili kufuatiliwa.

Alama ya pili ni kupinda. Kwenye picha ya mwanga wa kawaida tafuta mistari ya mawingu mafupi iliyo pembeni mwa kundi: je, inaelekea mahali pamoja, ikijipinda kufuata mwendo wa mshale wa saa, kama inavyopasa katika nusu ya kusini ya dunia? Baadaye hutokea mkanda mmoja mkuu wa mawingu marefu unaojizungusha kukizunguka kitovu. Mtaalamu wa Marekani Vernon Dvorak, katika miaka ya 1970, alitengeneza mbinu ya kukadiria nguvu ya kimbunga kwa kupima kiasi ambacho mkanda huo umezunguka na, kimbunga kikishakomaa, tofauti ya joto kati ya jicho na mawingu yanayolizunguka. Mizani yake huanzia 1 hadi 8, na bado inatumika kila siku, ikiwemo katika kituo cha kisiwa cha La Réunion ambacho ndicho chenye dhamana ya kufuatilia vimbunga vya bahari yetu. Kwa jicho la mwanafunzi inatosha kukumbuka kwamba mkanda uliozunguka karibu nusu ya duara ni dalili ya mfumo unaokaribia nguvu ya dhoruba ya kitropiki.

Alama ya kinyume nayo ni muhimu. Ukiona mzunguko wa mawingu mafupi uko wazi upande mmoja na kundi la mawingu marefu limesukumwa upande mwingine, upepo wa juu unaukata mfumo kichwa. Na kwenye picha ya mvuke wa maji, ulimi mweusi unaoingia kuelekea kitovu ni hewa kavu. Mwaka 2021 kimbunga Jobo kilidhoofika kabla ya kufika pwani yetu. Hidaya ya Mei 2024 ilikuja wakati ambao wengi walihesabu msimu umekwisha, ikafika karibu na Mafia tarehe 4 Mei, na ingawa nayo ilipungua nguvu ikikaribia nchi kavu, ilileta mvua kubwa katika maeneo ya Kilwa, Lindi na Mtwara.

Mtu wa Mwanza anahusikaje? Kimbunga kikubwa hubadilisha mwelekeo wa upepo hata mbali nacho. Kikiwa mashariki ya Madagascar huweza kuvuta upepo wenye unyevu kutoka bonde la Kongo, ukapita juu yetu ukitokea magharibi, kinyume cha kawaida, na mvua zikaongezeka. Ndivyo ilivyokuwa Machi 2018 wakati wa vimbunga Dumazile na Eliakim. Kikiwa katika Mlango wa Msumbiji mara nyingi huunyang'anya ukanda wetu unyevu, kama Idai ilivyofanya Machi 2019, ambapo masika yalichelewa katika sehemu nyingi za Afrika Mashariki. Kwa hiyo kabla sijatazama ziwa, katika Februari na Machi, mimi huvuta picha nyuma kidogo mpaka nione Madagascar yote. Upepo ukishakuwa wa magharibi, ile kanuni ya dhoruba kwenda Bukoba haishiki tena, na upande wetu wa Mwanza na Ukerewe ndio unaobeba mzigo.

Yale ambayo picha haionyeshi

Setilaiti huona paa, haioni sebule. Haioni upepo ulio juu ya maji wala urefu wa mawimbi, na mvua huikisia tu kutokana na ubaridi wa juu wa wingu. Mawingu ya chini yaliyofunikwa na fuawe la zamani hayaonekani kwenye infraredi hata kama chini yake kinakua kitu kipya, na upepo mkali wa kusi wa mchana unaweza kuchafua ziwa siku ambayo picha haina wingu hata moja. Rada huona mvua yenyewe, na Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, yaani TMA, inayo rada hapa Mwanza. Tangu mradi wa HIGHWAY ulioanza 2017, ulioshirikisha Shirika la Hali ya Hewa Duniani na taasisi za nchi zinazolizunguka ziwa, utabiri mahususi kwa watumiaji wa Ziwa Victoria umekuwa bora zaidi. TMA ikitoa angalizo, tahadhari au tahadhari kubwa, na picha yako ikaonekana tulivu, fuata TMA. Wao wana rada, vituo vya ardhini na mahesabu ambayo simu yako haina. Picha yako ikionekana mbaya na hakuna tangazo, hapo fuata picha yako, kwa kuwa wingu moja changa linaweza kukua ndani ya saa moja baada ya utabiri wa jioni kutolewa.

Zoezi ninalowapa wanaoanza ni la daftari. Kila jioni ya wiki mbili za msimu wa mvua, saa tatu usiku, andika sentensi moja: unadhani dhoruba itatokea sehemu gani ya ziwa, na saa ngapi, au kwamba haitatokea. Usifute. Asubuhi fungua picha za usiku mzima kuanzia 21:00 UTC, yaani saa sita usiku, hadi 06:00 UTC, saa tatu asubuhi, uzipitishe taratibu, kisha teremka mwaloni Kirumba au popote mitumbwi inaporudi na uwaulize waliokuwa majini upepo uliwakuta wapi na ulitoka upande gani. Majibu yao yaandike kando ya sentensi yako ya jana, pamoja na saa.